Mila Tuliyomtungia Mtafiti

Mwaka ule nilisamehewa kazi ya shamba la kijiji kwa sababu nilijua Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha kidato cha pili, kilichokatishwa na ndoa, lakini katika kijiji chetu karibu na Natta hakukuwa na mtu wa kunisahihisha. Katibu wa tawi alikuja kwenye ghala la pamba nilikokuwa nikifundisha kisomo cha watu wazima, akasimama mlangoni mpaka darasa zima likasimama pia, kisha akatangaza kwamba imekuja barua kutoka wilayani. Mtafiti wa chuo kikuu cha ng'ambo anakuja kuchunguza jinsi binadamu anavyotumia lugha na akili yake, na mimi nitakuwa mkalimani wake kwa wiki tatu.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Nitaweza," nikajibu, kabla sijajua nitaweza nini.

Kijiji chenyewe hakikuwa kimetimiza miaka miwili. Kabla ya hapo tulikaa ng'ambo ya mto Grumeti, kila ukoo na kilima chake, mpaka lori lilipokuja kutubeba pamoja na milango yetu, kuku na mawe ya kusagia. Hapa tulijengewa nyumba, au tuseme tulijijengea huku tukisimamiwa, katika mistari iliyonyooka ambayo ng'ombe hawakuielewa kabisa. Kila nyumba ilipakwa namba kwa chokaa. Mimi nilikuwa kumi na nane. Mama mkwe wangu alikuwa kumi na saba. Mume wangu alifanya kazi Musoma kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo kwa sehemu kubwa maisha yangu yalikuwa ni mimi na huyo mama.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo. Kiswahili alikuwa akijifunza kwangu pamoja na herufi, na vyote viwili alivijia kwa mashaka, kama mtu anayeonjeshwa dawa. Huko mahame, makazi tuliyoyahama, alikuwa ameacha kaburi la mumewe. Miezi michache baada ya kuhamia, alipika pombe ya ulezi, akamwaga kidogo nyuma ya nyumba na kumwita marehemu kwa jina, ili ajue familia imeenda wapi. Jirani akaona, jirani akasema. Katibu akamsimamisha mkutanoni mbele ya kijiji kizima kwa kosa la kuendeleza mila potofu zinazorudisha nyuma maendeleo, akamtaka aombe radhi.

Mama hakuomba. Wala hakukataa. Alisimama tu, mikono ameikunja, akimtazama Katibu usoni bila chuki yoyote, kama mtu anayengoja maji yachemke. Tukakaa hivyo. Mtoto akalia, akanyonyeshwa, akalala. Mwisho Katibu akakohoa, akasema ajenda inayofuata ni choo cha shimo. Lakini aibu ilikuwa imeshampata mama. Alirudi nyumbani na kwa siku nyingi hakula mbele ya watu.

Mtafiti alifika na Landrova, kinasa sauti cha kanda, masanduku mawili ya karatasi na saa ya kupimia mbio kama ile ya mwalimu wa michezo. Alikuwa kijana, masikio yameungua kwa jua, na alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kitabu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno kwa matumizi ya huku kwetu. Siku ya kwanza nilimpeleka kisimani nikamwambia, "Maji hii ina chumvi."

"Haya," akasema.

Nikadhani amekubali. "Haya," nami nikamjibu.

"Hapana. Maji haya."

"Haya," nikasema tena, na tungeendelea hivyo mpaka jioni kama asingetoa daftari lake na kunionyesha jedwali la ngeli. Basi mimi, mwalimu wa kisomo, nilisahihishwa Kiswahili na Mzungu mbele ya wanawake sita wenye ndoo. Walifurahi sana. Kwa wiki nzima kila nilipopita walisema, "Mwalimu, maji haya," na kuinama kwa kicheko.

Utafiti wenyewe alinieleza kwa Kiingereza, nami nikaelewa kama nusu. Alisema kwamba duniani kote watu wakizungumza hupokezana zamu, na kati ya zamu ya mmoja na ya mwingine kuna kimya kidogo. Alitaka kukipima kimya hicho kwetu. Anauliza swali, mimi natafsiri, na mara sauti yangu inapokoma anabonyeza saa. Mtu akianza kujibu, anabonyeza tena. Nilimtazama nikiwaza kwamba kumbe kuna nchi ambako mtu mzima anasafirishwa kwa ndege aje kupima ukimya. Sisi tulikuwa nao mwingi na hatukujua kwamba ni bidhaa.

Katibu alidai awe wa kwanza kupimwa, kwa kuwa ndiye kiongozi. Alivaa suti yake ya mikono mifupi yenye mifuko minne, akakaa kwenye kiti cha ofisi. Yeye alitokea Tarime, alikuwa Mkurya, kwa hiyo tulitumia Kiswahili.

"Unapozungumza na mtu mwenye cheo kukuzidi," nikasoma, "je, wewe husubiri amalize kwanza, au wakati mwingine..."

"Ndiyo," akasema Katibu.

Mtafiti akaitazama saa yake. Alikuwa hajaibonyeza. Tukajaribu la pili.

"Ikiwa mtu huyo amesema jambo usilokubaliana nalo..."

"Ndiyo, ndiyo. Tunakubali."

Maswali yote kumi na mawili yalikwenda hivyo. Mtafiti aligeuza ukurasa huu na huu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo la tafsiri. Nikamwambia hakuna. Lile lilikuwa jibu sahihi kabisa la mtu aliyehudhuria semina nyingi. Ukingoja swali liishe unaweza kuonekana unafikiri.

Kwa mama mkwe mambo yalikuwa mengine. Tulimkuta barazani kwake akichambua mboga. Swali la kwanza lilisema hivi, nalikumbuka mpaka leo: unapofikiri bila kusema, je, unafikiri kwa maneno au kwa picha? Nilipaswa kuliweka kwa Kinata, lugha yetu. Picha kwetu ilikuwa ile ya kiongozi iliyotundikwa ofisini kwa Katibu, na sikutaka kumuuliza mama kama hiyo ndiyo aliyonayo kichwani. Nikaanza, nikaacha, nikaanza tena. Kila nilipoacha, mtafiti alidhani nimemaliza, na saa ikatembea. Mwishowe nikasema, "Mama, ukiwa umenyamaza, ndani yako kuna nini?"

Mama akaweka chini jani la mboga. Akanitazama mimi, akamtazama mgeni, akaitazama saa. Kwetu mtu mzima akiulizwa jambo zito hajibu kama anayefukuza kuku. Anaacha swali lifike, likae, lionekane limepokewa. Kuku mmoja akapita kati yetu. Ndipo akasema, "Mwambie, nikinyamaza ndani kuna mtu anayengoja mwenzake anyamaze."

"Anasema maneno," nikamwambia mtafiti.

Akaandika kwa furaha kubwa. Kimya cha mama kilikuwa kirefu kuliko chochote alichowahi kupima popote, akanionyesha tarakimu, akaniambia hilo linaweza kuwa jambo muhimu sana kuhusu akili za watu wa hapa. Nilijua kwamba kipande kizuri cha akili hiyo kilikuwa mimi nikitafuta neno. Ningemwambia. Lakini kutoka pale barazani niliwaona wanawake wenzangu wameinama katika shamba la pamba la kijiji, jua limewakalia mgongoni, nikaona sayansi ina haki ya kuendelea.

Wiki ya pili mtafiti akasema sasa anataka kuona tambiko. Sehemu ya pili ya utafiti wake ilihusu kwa nini watu hufanya mambo kwa utaratibu mkali, neno kwa neno na hatua kwa hatua, hata wasipojua utaratibu huo una kazi gani. Tukaenda kwa Katibu.

"Hatuna," Katibu akasema. "Mila za tambiko tulishazifuta."

"Zote?" mtafiti akauliza.

"Zote. Mwezi wa saba." Akaanza kutafuta faili lenye taarifa.

Uso wa mtafiti ulianguka kiasi kwamba Katibu mwenyewe akaingiwa na huruma, au pengine aliikumbuka ile barua ya wilaya iliyosema mgeni apewe ushirikiano wote, pamoja na kuonyeshwa utamaduni wa asili. Akakaa na barua mkono mmoja na taarifa ya kufuta mila mkono wa pili. Sijapata kumwona mtu akiumizwa na karatasi namna ile. Kesho yake asubuhi alikuja nyumba namba kumi na saba, amevua kofia.

"Shikamoo mama," akasema. Alikuwa hajawahi kumwamkia.

Mama alikuwa akitwanga. Akatwanga mpaka kinu kikaisha, akapepeta, akamimina kwenye chungu. Kisha akasema, "Marahaba," kwa Kiswahili safi.

Katibu akaeleza. Alizungukazunguka sana, akataja utamaduni, taifa, mgeni, heshima ya kijiji. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia akasema kwa Kinata, "Muulize kama anachotaka ni kile alichonisimamishia mkutanoni."

Nikatafsiri. Katibu akasema si kile hasa, ni kingine kinachofanana nacho, ila kiwe na ngoma.

Mama akafunika chungu. Halafu akasema kwamba jambo hilo linawezekana, lakini haliwezi kuanza hapa. Lazima kwanza zichukuliwe fimbo za mti fulani unaoota mahame peke yake, ng'ambo ya mto, na anayejua mti huo ni yeye. Miguu yake haiwezi tena safari hiyo. Tena askari wa wanyamapori siku hizi hawaruhusu watu kupita huko.

"Kuna Landrova," Katibu akasema mara moja. "Na barua nitaandika mimi."

Mti aliousema mama ulikuwa umeota nyuma ya choo cha shule. Nilitafsiri kama alivyosema.

Tulikwenda siku ya tatu: mtafiti akiendesha, mama mbele na barua ya Katibu mapajani, mimi nyuma na kinasa sauti. Mama alikuwa amejifunga kitenge chake kizuri na chini yake amebeba kibuyu, ambacho aliniambia ni cha maji ya kunywa. Askari mmoja alitusimamisha, akaisoma barua akiwa ameishika juu chini, akatupungia mkono. Njia ilikuwa imeshaanza kufunikwa na nyasi. Nilipoona kilima chetu bila moshi hata mmoja nilitazama pembeni. Ya nyumba yetu yalibaki mawe ya jikoni tu, na nyumbu walikuwa wamelala mahali palipokuwa zizi.

Mama akashuka. Alisimama akageuka pande zote polepole, kisha akamwambia mtafiti mwenyewe, kwa Kiswahili nilichomfundisha, "Nakwenda kuchimba dawa."

Kila msafiri wa nchi hii anajua maana yake. Ni namna ya adabu ya kusema unaenda kichakani kujisaidia. Lakini mtafiti alikuwa amejifunza kwa kitabu. Macho yakamtoka. Akaniuliza kama amesikia vizuri, kuchimba, dawa. Akaning'iniza kinasa sauti begani, akachukua daftari na kamera, akaanza kumfuata.

"Hapana," nikasema, nikamshika mkono.

"Ni siri?"

"Ni siri sana."

"Kwa wanaume?"

"Kwa watu wote."

Akasimama, akaandika mistari mingi. Aliniuliza dawa hiyo huchimbwa mara ngapi. Nikasema inategemea mtu. Aliniuliza kama na mimi naweza kuichimba au ni ya wanawake wazee peke yao. Nikasema hata mimi, nikibanwa. Hilo nalo akaliandika, kwamba hufanyika mtu anapobanwa na matatizo, nami nikaona nisizidi kulieleza.

Mama alikuwa amepita vichaka na kushuka upande wa pili wa kilima. Upepo ulikuwa ukija kwetu, nikasikia sauti yake. Alikuwa akizungumza na mumewe. Hakulia wala hakuimba, alikuwa akimpa habari kama anavyopewa mtu aliyekuwa safarini: fulani ameoa, ng'ombe wamebaki wanne, mwanao yuko Musoma, mimi ninaitwa kumi na saba. Kisha kimya, na nadhani ndipo alipomimina kibuyu. Mtafiti alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari akibadilisha kanda. Kinasa sauti kilikuwa kimezimwa. Alikuja kutoka upande wa pili wa dunia kwa ajili ya kitu hicho, nacho kilifanyika hatua mia moja kutoka alipo, na nilikuwa na kazi moja tu ya kumwambia. Sikumwambia. Sijawahi kujuta, ingawa nimejaribu.

Mama alirudi akichechemea. Alikuwa amekanyaga mwiba mrefu wa mgunga, umevunjikia kisiginoni. Mikononi alikuwa na fimbo tatu za mti wowote ule.

"Tayari?" mtafiti akauliza.

"Tayari," mama akasema. Usoni alikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kumwona tangu lori lile lije.

Ikabaki sasa kutunga hilo tambiko. Mama aliwaita wanawake wa darasa la kisomo ghalani mchana mmoja, akawaambia wazi kwamba ya kweli hayatolewi kwa mtu mwenye saa. Ya uongo, hata hivyo, yafanywe vizuri, kwa kuwa mgeni hana ubaya. Kila mmoja akaleta wazo lake. Mmoja akasema tubebe nyungo tupu. Mwingine akasema twende kinyumenyume, maana Wazungu hupenda jambo lisilo na faida. Mimi nikachangia mbegu za pamba zitupwe nyuma juu ya bega la kushoto, kwa sababu mbegu ndizo zilizokuwa karibu. Wimbo ulitusumbua. Hatukutaka kutumia hata neno moja la wimbo wa kweli. Ndipo mama, aliyekuwa amekaa akitazama ubao wangu, akaanza kwa sauti nzito ya kilio: ba, be, bi, bo, bu. Wanawake wakaitikia: da, de, di, do, du. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimewafundisha silabi hizo kwa miezi minne na hazijawahi kupendeza kiasi kile.

Siku ya siku kijiji kizima kilikuja. Mama akatangulia na fimbo tatu, kinyumenyume, na wanawake nyuma yake, au mbele yake, sijui nisemeje. Kwa sababu ya kisigino chake, kila baada ya hatua nne alisimama, akainua mguu mmoja, akavuta pumzi. Waliomfuata wakasimama pia na kuinua mguu. Hatukuwa tumepanga hivyo. Mtafiti alikimbia kila upande na kamera yake, jasho likimtoka, mwenye furaha kama mtoto wa shule siku ya kufunga.

Baadaye alimhoji. "Kwa nini mnakwenda kinyumenyume?"

"Ndivyo tulivyokuta," mama akasema. Hilo ndilo jibu ambalo angelitoa hata kama tambiko lingekuwa la kweli, na mtafiti akalipigia mstari mara mbili. Kisha akawahoji wanawake mmoja mmoja kwa nini nyungo ni tupu. Wa kwanza akasema ni njaa. Wa pili akasema ni ili mizimu iweke inachotaka. Wa tatu akasema zikiwa na kitu zingekuwa nzito. Kila mmoja alijibu kwa uzito na uhakika, wala hawakuwa wamepatana. Kadiri majibu yalivyotofautiana ndivyo mtafiti alivyozidi kufurahi.

Katibu alinivuta kando. "Mwalimu, hii ni mila yenu ya kweli?"

"Ndugu Katibu, si ulisema mila tulishazifuta? Nitajuaje?"

Akafikiri. "Basi mwishoni waongeze kaulimbiu."

Ikafanywa mara ya pili, kwa ajili ya kanda, na mwishoni wanawake wakarusha ngumi juu na kusema "Zidumu". Mtafiti akamuuliza mama maana ya ngumi hizo.

"Ndivyo tulivyokuta," mama akasema.

Mtafiti aliondoka Ijumaa. Jumatatu mvua ikanyesha, mvua ambayo tulikuwa tumeikatia tamaa, ikanyesha mpaka namba za nyumba zikafutika. Mama alikaa mlangoni akiitazama kwa hasira. "Mvua haina aibu," akasema.

Mwaka uliofuata ilichelewa tena. Asubuhi moja wanawake kumi na wawili wakaja nyumba namba kumi na saba na nyungo tupu mikononi. Mama akawaambia hawana akili, jambo lile tulilitunga wenyewe ghalani, wao wakiwamo.

"Tunajua, mama," mmoja akasema. "Lakini ilinyesha."

Akabishana nao mpaka akachoka, akachukua fimbo. Kisigino chake kilikuwa kimepona kitambo, kwa hiyo alitembea tu. Hatua ya tano, mwanamke kijana aliyemfuata akamgusa mgongoni.

"Mama, hapo tunasimama."

"Mwaka jana nilikuwa na mwiba."

"Ndiyo, mama. Lakini hapo tunasimama."

Nilimwona akiwatazama wote, mmoja mmoja, na wote wameinua mguu wakimngoja. Akasimama. Akainua mguu. Mimi nilikuwa nyuma nikicheka moyoni, nikiwaona wajinga, mpaka jirani yangu alipotupa mbegu juu ya bega la kulia. Nilimpiga mkono. Nilimpiga kwa nguvu, na nilikuwa nimekasirika kweli, mimi niliyebuni bega la kushoto kwa sababu ndilo nililokuwa nikijikuna. Mvua ilichelewa wiki tatu zaidi na kijiji kizima kilijua ni kosa la nani.

Kabla Katibu hajahamishiwa kijiji kingine kulitokea jambo moja ambalo watu wachache walilijua. Alikuja tena kwa mama, safari hii mchana wakati watu wako shambani, na mimi nikaitwa kutafsiri. Mkewe alikuwa ameharibikiwa na mimba tatu. Alikwenda hospitali, alikwenda pia kwa padri. Sasa alitaka wanawake wamfanyie mkewe lile tambiko la nyungo.

Mama akaniambia nimweleze ukweli. Nikamweleza: lilitungwa, silabi ni za ubaoni, mbegu ni za ghalani, mguu ulikuwa mwiba. Katibu alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema ndiyo.

"Mama bado ana kinyongo na mimi," akasema. "Kwa sababu ya ule mkutano. Ndiyo maana ananificha."

"Hakufichi, Ndugu Katibu. Ni uongo kweli."

Hakuamini. Alipiga magoti pale barazani, suti yake na mifuko yake minne, akasema, "Mama, nilikukosea. Nilikuaibisha mbele ya watu na wewe ni sawa na mama yangu. Naomba unisamehe."

Nikatafsiri ingawa haikuhitajika. Mama alikaa kimya. Safari hii sikujua kama ni adabu au ni hasira, au kama alikuwa tu hana la kusema, kwa kuwa alikuwa ameombwa radhi ya kweli kwa ajili ya kitu cha uongo na hakuna mila inayoelekeza ufanye nini hapo. Mwisho akasema, "Mlete huyo mwanamke kesho. Aje ameshiba."

Wakamfanyia, nyungo na silabi zote, bila ngumi. Katibu mwenyewe aliomba ngumi zisiwepo. Mwaka uliofuata mkewe alijifungua mtoto wa kike huko walikohamishiwa, na watu wa kijiji walipoleta habari mama alifurahi sana na akatukataza kulizungumzia.

Kitabu cha mtafiti kilinifikia baada ya miaka, kwa posta ya Mugumu, kikiwa kimefunguliwa na kufungwa tena mara nyingi. Ukurasa wa kwanza alimshukuru mkalimani wake kwa uaminifu. Nilikisoma kwa kamusi. Kulikuwa na sura juu ya watu wanaokawia kujibu, na sura juu ya dawa ya siri ambayo wanawake huichimba wakiwa na shida. Katika moja ya picha mama ameinua mguu, na chini yake imeandikwa kwamba huo ni mpaka kati ya wazima na wafu.

Nilikipeleka ghalani nikawasomea wanawake kurasa mbili, nikitafsiri. Walisinzia. Nilipofikia picha waliamka wote wakakinyang'anya, kila mmoja akijitafuta. Waliopatikana walinyamaza kwa kuridhika. Yule jirani yangu wa bega la kulia alijikuta pembeni mwa picha ya mwisho, ungo mkononi na mkono umenyooka vizuri, lakini amekatwa shingoni.

"Hana kichwa," akasema. "Huyu ni mimi na sina kichwa."

Nikamweleza kwamba si mimi niliyepiga picha. Akasema mimi ndiye niliyekuwa na mgeni, mimi ndiye niliyejua Kiingereza, ningemwambia mgeni arudi nyuma hatua mbili. Hakunisalimia tena mpaka nilipohama kijiji kumfuata mume wangu, na hata siku ya kuondoka alinipa mkono akitazama pembeni.